Ndugu wa Kulelewa

Jumapili hiyo asubuhi Kitinda alinifuata kwenye stoo ya unga, akausukuma mlango kwa mgongo mpaka ukafungika, akaniambia, "Leo namwambia mama."

Nilikuwa nimeinama kwenye gunia. Nilibaki hivyohivyo, mkono ndani ya unga, maana nilijua nikiinuka nitakutana na macho yake na lile ninalotaka kusema litanipotea.

"Utamwambia nini?"

"Kwamba nakupenda. Kwamba nataka kukuoa. Kuna lingine?"

"Na akikataa?"

"Mama hajawahi kuninyima kitu."

Hilo lilikuwa kweli. Alikuwa kitinda mimba, wa mwisho na wa pekee wa kiume, na jina hilo la utani lilikuwa limemganda mpaka ukubwani. Mama yake, ambaye watu wote walimwita Mama Mkubwa, ndiye aliyekuwa mwenye kiwanda cha mikate. Mikate yake ililiwa shuleni, hospitalini na karibu kila nyumba iliyochemsha chai. Marehemu mumewe alimwachia oveni moja mbovu. Zile nyingine alizisimamisha mwenyewe kwa jasho lake, na hakuna aliyethubutu kumpunguzia sifa hiyo.

Mimi nilikuwa msimamizi wa duka la mbele, pale mikate ilipouzwa ingali na joto. Lakini kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa nyumba ile. Mama yangu mzazi alikuwa mpishi wao. Alifika akiwa na mimba yangu, akapewa chumba nyuma ya jiko, na humo ndimo nilimozaliwa. Watoto wa nyumba walimwita Dada, kama wanavyoitwa wanawake wote wa kazi za ndani, nami nilipoanza kusema nikamwita Dada vilevile. Nilikuwa msichana mkubwa nilipoanza kulishangaa jambo hilo.

Kitinda aliondoka nyumbani akiwa kijana wa kunivuta nywele na kukimbia. Alipomaliza masomo alirudi mwanamume, akakabidhiwa magari ya kusambaza mikate, na kila asubuhi alipita dukani, akaweka mkono wake kwenye kaunta karibu na wangu, akausahau hapo. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ya kwetu yalifichika kwa sababu hakuna aliyeyatazamia. Watu walituona tukicheka wakasema, "Angalia hao wanavyopendana, utadhani tumbo moja."

"Inuka nikuone," Kitinda alisema.

Niliinuka. Akanipangusa unga shavuni kwa kidole gumba, lakini kidole chenyewe kilikuwa na unga, akanizidishia. Tulicheka. Ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka mimi na yeye bila kitu katikati yetu.

* * *

Chakula cha mchana cha Jumapili kililiwa sebuleni, kwenye meza ndefu ya mbao nyeusi. Nilikuwa napanga sahani Mama Mkubwa alipoingia.

"Kaa, mwanangu. Wewe si mtumishi humu."

Alisema hivyo kila Jumapili, na kila Jumapili nilikaa baada ya sahani kwisha kupangwa.

Dada alileta wali na nyama, akaleta mboga, akarudi jikoni. Tulikula watatu. Mama Mkubwa alimwuliza mwanawe habari za gari lililoharibika, akaniuliza mimi kama yule mwanamke wa pale dukani amejifungua salama. Alikuwa na kawaida ya kukumbuka mambo ya watu. Kitinda alijibu kwa mkato. Chini ya meza goti lake lilikuwa likitikisika, nami nikaligusa kwa langu ili litulie.

Matunda yalipoletwa akasema, "Mama, nataka kuoa."

Uso wa Mama Mkubwa ulichanua. "Siku hii nimeingoja mpaka macho yameniuma. Haya, sema. Ni mtoto wa nani?"

"Wa humu ndani."

Alinitazama. Aliweka kisu cha matunda kwenye sahani, akajifuta vidole, kimoja baada ya kingine. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimeshika majibu yote kichwani: jibu la kuitwa mtoto wa mpishi, jibu la kuambiwa nimefuata mali. Hakuna hata moja nililolihitaji.

"Wanangu," alisema, na machozi yakamlenga, tena ya kweli. "Kosa ni langu. Niliwalea karibu mno."

"Hakuna kosa, mama," Kitinda alisema.

"Mtu haoi dada yake."

"Si dada yangu. Hatukuzaliwa tumbo moja."

"Tumbo ni miezi tisa tu, baba. Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Huyu alipougua surua nani alimlaza kifuani? Shuleni kwake nani alikwenda kama mzazi? Mmeoga beseni moja nyinyi. Leo nikakuoze wewe kwake, watu waseme nini? Kwamba sikuwa namlea, nilikuwa namfugia mwanangu?"

Neno hilo lilinichoma, na nadhani yeye mwenyewe lilimchoma, maana alinyoosha mkono akanishika kiganja.

"Mama Mkubwa," nikasema, "watu wanajua mimi ni mtoto wa nani."

"Wanajua wewe ni mtoto wangu. Na si wewe peke yako. Pale kiwandani kila mtu ni mtoto wangu. Mwaka jana walipozima oveni wakitaka wapumzike Jumapili, niliita polisi?"

"Hapana."

"Nilimfukuza mtu kazi?"

"Hapana."

Nilikuwepo siku hiyo. Aliingia kiwandani peke yake, miguuni ana ndara za nyumbani, akaketi juu ya gunia la unga katikati yao. Akawauliza ni nani aliyefiwa yeye asifike, ni nani aliyeuguliwa na mtoto gari lake lisimpeleke hospitali. Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna. Kisha akalia. Mzee wa oveni ndiye aliyeinuka wa kwanza kwenda kuwasha moto, na wanawake wa kufunga mikate wakamwomba radhi. Mimi alikuwa amenitanguliza kwao asubuhi. "Nenda ukaseme nao," aliniambia, "wewe ni wao na ni wetu." Nilikwenda nikiona fahari. Jumapili zao hawakuzipata. Hata hiyo tuliyokuwa tunakula matunda sebuleni, wao walikuwa kazini.

"Sasa nisikilize," Mama Mkubwa aliendelea, mkono wake ungali juu ya wangu. "Mimi ni mama wa wote pale. Nikiwa mkwe wa mmoja, hao wengine nitakuwa nani wao? Kesho kila mwenye binti atamtazama Kitinda, aulize mbona si wake. Keshokutwa watauliza mengine. Patakuwa na mama tena pale? Patabaki tajiri na wafanyakazi wake, na hao siku zote wanatazamana kwa jicho baya. Mimi siwezi kuishi hivyo. Na nyinyi hamtaweza."

Maisha yangu yote nilikuwa ndani ya jambo hilo na sikuwahi kulisikia likitamkwa. Naye alilitamka kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Akageukia jikoni, akaita, "Dada, hebu njoo. Njoo ukae na sisi."

Mama yangu alitokea akijipangusa mikono kwenye aproni. "Nakaa, Mama Mkubwa," alisema, akaendelea kusimama.

"Hawa watoto wanataka kuoana. Mimi ni mzazi, na wewe ni mzazi. Sema wewe."

Mama yangu alinitazama. Mtazamo huo nimeurudia mara nyingi, na kila mara nausoma tofauti. Kisha akatazama sahani zilizokwisha kuliwa.

"Hao ni ndugu," alisema. "Mama Mkubwa amesema kweli."

Hakuna aliyekuwa amemwambia bado kile alichosema Mama Mkubwa.

"Umeona?" Mama Mkubwa akaniminya kiganja. "Wala usidhani nimekusahau. Meneja wa tawi letu jipya ni kijana mpole, hanywi, na ameniulizia habari zako kwa adabu. Nitakuozesha mimi mwenyewe, utoke kwa mlango wa mbele wa nyumba hii kama dada zako walivyotoka."

Nilimgeukia Kitinda. Moyo wangu ulikuwa umesimama kwenye ukingo wa macho yake, ukingoja ayainue tu. Hata asingesema kitu. Angeinua macho, ningevuka bahari kwa miguu. Lakini alikuwa akitazama kitambaa cha meza, anakunja pindo na kulikunjua.

"Mama," akasema mwishowe, "tupe muda."

"Chukueni wote mnaoutaka," Mama Mkubwa alisema, akalivuta chungwa karibu yake akaanza kulimenya.

* * *

Jikoni mama yangu alikuwa ameshaweka vyombo kwenye maji. Nilisimama nyuma yake.

"Kwa nini umesema vile?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema mimi ni mwanao. Ungesema hilo tu, basi."

"Analijua." Alisugua sahani ambayo ilikuwa safi tayari. "Ulipokuwa na miaka miwili uliniita mama pale sebuleni mbele ya wageni. Mtoto mmoja wa nyumba akacheka, akasema huyo si mama, huyo ni dada. Wageni wakacheka. Mama Mkubwa akaniambia, mwache naye akuite Dada kama wenzake, asije akajiona tofauti. Nilifurahi. Niliona mwanangu amepandishwa akawekwa sawa na wao."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa na chumba, nilikuwa na chakula, na mwanangu anasoma. Kulikuwa na wenzangu mtaani wanapigwa mwiko wa kichwa."

"Ndiyo maana hukuondoka?"

Alifunga bomba. Maji yakaacha kusikika, na sauti yake ikashuka.

"Angekuwa ananitukana ningeondoka zamani. Mtu akikufukuza unajua pa kwenda. Njia yenyewe unaiona. Lakini huyu alinishika mkono. Mtu aliyekushika mkono unamtokaje?"

"Mama," nikasema.

Aliruka kama aliyeguswa na moto, akatazama mlango wa sebule. Uso wake ulipogeuka kwangu ulikuwa umelowa, na sikujua ni maji ya vyombo au ni nini. Nilimkumbatia kwa nyuma, shavu langu kwenye mgongo wake, na kwa mara ya kwanza nikahisi alivyokuwa mdogo ndani ya gauni lile.

* * *

Kitinda alinikuta uani, kwenye kamba za kuanikia nguo. Shuka za nyumba zilikuwa zimekauka. Alisimama upande wa pili wa shuka moja, nikaona viatu vyake tu.

"Hakukataa kabisa," alisema. "Umesikia? Ametupa muda."

"Nimesikia."

"Namjua mama. Tukienda naye taratibu atalainika."

Niliitoa shuka iliyokuwa katikati yetu. "Twende," nikamwambia.

"Wapi?"

"Popote penye watu wanaokula mkate. Wewe unajua magari, mimi najua oveni. Tutaanza na moja, hata iwe mbovu. Mama yako alianza na mbovu."

Alitabasamu, na kwa kitambo kidogo nilimwona ameshakwenda. Niliona macho yake yakikiona chumba chenyewe, meza ya kukandia unga, mimi na yeye tumesimama mlangoni tukimngoja mteja wa kwanza. Nilimpenda wakati ule kuliko wakati wowote. Kisha kile chumba kikazimika machoni pake.

"Na kiwanda?"

"Kiwanda kina mama yake."

"Kitakuwa changu siku moja. Siku hiyo nani atatuzuia? Tuvumilie tu, tuwe kama tulivyo."

"Tuvumilie mpaka mama yako afe."

"Usiseme hivyo."

"Umesema wewe. Mimi nimekutafsiria."

Aliumia. Alishika kamba juu ya kichwa chake kama mtu anayetafuta kuegemea. "Wewe hujui ilivyo kuwa mtoto wake."

"Najua. Si umesikia? Na mimi ni mtoto wake."

Alicheka bila kutaka, kicheko kikageuka kilio. Aliweka paji la uso wake juu ya langu, nasi tukasimama hivyo, pumzi zetu zikipishana. Alinukia sabuni na hamira. Nilitamani kuinywa harufu ile iniishie kifuani.

"Nakupenda," alisema. "Unajua kwamba nakupenda."

"Najua. Ndiyo maana naondoka. Nikibaki nitakupenda hivihivi mpaka nizeeke, na kila Jumapili utakuwa unaniambia tumpe mama muda."

Alinishika mkono nilipogeuka. Alinishika kwa nguvu, na kama angenivuta sijui ningefanya nini. Hakunivuta. Alinishika tu, mpaka mwenyewe nikautoa.

* * *

Niliondoka kabla ya wiki kwisha, nikapata kazi ya kuoka kwenye jiko la hoteli, mbali na pale. Mwanzo Kitinda alinipigia simu kila jioni. Alikuwa anazungumza na mama, alisema, mambo yanakwenda. Baadaye akawa anapiga anapokumbuka. Baadaye simu zikawa za Mama Mkubwa, akiniuliza kama nakula vizuri na kama wanaoniajiri wananiheshimu. Nilimjibu kwa adabu. Nilipokata simu nilikuwa nikikaa kitandani bila kuwasha taa, na kinachoniudhi ni kwamba sauti yake ilikuwa inanifariji.

Kisha nikasikia Kitinda anaoa. Mchumba alikuwa binti wa mwenye kinu kilichowauzia unga. Walikuwa wamekutanishwa na wazazi, wakapendana, au wakazoeana. Mwenye unga alikuwa anaoana na mwenye oveni, na safari hii hakuna aliyeuliza watu watasema nini.

Sikutaka kwenda. Mama yangu ndiye aliyenipigia.

"Usipokuja watasema una kinyongo. Njoo kwa ajili yangu."

Nilikwenda. Mama Mkubwa alikuwa ameniwekea gauni la kitambaa kile kile cha binti zake. Kiwanda kizima kilikuwepo pale nyumbani. Mzee wa oveni alipanga viti, wanawake wa kufunga mikate walimenya viazi na kuosha sahani, madereva walibeba meza. Walikuwa wamekuja kama ndugu wa bwana harusi, yaani bure, na walikuwa na furaha kweli. Mmoja alinikumbatia akasema, "Hongera, kaka yako kapata mke."

Mchana kukawa na picha bustanini.

"Familia peke yake," mpiga picha alisema.

Nilikuwa nimejitenga kando. Mama Mkubwa aliniona, akaninyooshea mkono. "Binti, unajificha nini? Njoo usimame karibu na kaka yako."

Watu walinipisha. Nilisimama kushoto kwa Kitinda, mkewe kulia kwake. Alikuwa msichana mzuri, mwenye haya, na hakunikosea chochote. Bega la koti lake Kitinda lilikuwa linagusa langu.

"Umekonda," alisema bila kuchezesha midomo.

"Tazama mbele."

"Nilikuwa nataka kukuambia..."

"Kitinda, tazama mbele."

Mpiga picha aliinua mkono. "Yule mama mwenye sufuria kule nyuma, sogea kidogo. Unaingia kwenye picha."

Niligeuka. Mama yangu alikuwa anapita na sufuria kubwa la wali, ameikunja midomo kwa uzito. "Samahani, mwanangu," alimwambia mpiga picha, akaanza kurudi kinyumenyume kwenye nyasi, akitafuta pa kukanyaga.

Nilitoka kwenye mstari. Nyuma yangu Mama Mkubwa aliita kwa sauti ya chini, "Binti, unakwenda wapi?"

"Namsaidia mama kubeba."

Hakuna aliyenizuia. Nilishika sikio moja la sufuria, mama akashika la pili, tukatembea nalo mpaka kwenye meza za wageni. Nilisikia mpiga picha akiwaambia wasogeleane wazibe nafasi. Sijui kama Kitinda alinitazama. Sikugeuka.

Jua lilipopoa nilivua lile gauni, nikalikunja juu ya kitanda cha mama, nikavaa nguo zangu. Alinisindikiza hadi getini.

"Twende kwangu," nikamwambia. "Chumba kinatutosha. Hutafanya kazi ya mtu."

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa bado na joto la jiko.

"Na chai ya asubuhi nani atampikia? Ana presha siku hizi. Huyu mkwe ni mgeni, hajui anavyoipenda."

"Mama, ana binti, ana mkwe, ana mji mzima unaomwita mama."

"Anao," alisema. "Lakini chai yake hawaijui."

Ndani mtu alimwita. Aligeuka kabla hajauachia mkono wangu.